Kwa nini fundi mwenye mshahara mzuri anautetea mfuko wa wasio na kazi? Tujadili ujuzi, kodi na kugawana kipato

#1 MkerezaVyuma

Wakuu salaam. Ni msomaji wa siku nyingi wa jukwaa hili ila siandiki sana. Leo naleta uzi kwa sababu kila mjadala wa kodi na mifuko ya hifadhi unaishia pale pale: asiyenacho anataka kugawiwa, mwenye nacho hataki kutoa. Kipato kina sehemu yake, sikatai. Ila kuna swali tunaliruka kila siku: ujuzi wa huyu mtu, akifukuzwa kazi kesho, utanunuliwa wapi kwingine?

Nipo kusini mwa Ujerumani, Baden-Württemberg, karakana ya kukereza vyuma. Mashine zinaongozwa na kompyuta lakini usidanganyike, bila fundi anayezijua zinatoa takataka. Mafunzo ya kazi hii ni miaka 3 na nusu, sehemu kiwandani na sehemu chuoni, halafu mtihani mbele ya chama cha wafanyabiashara na viwanda. Ukitoka hapo unaweza kukereza ekseli kwa kosa lisilozidi sehemu ya mia ya milimita. Na hicho ndicho unachokijua. Huwezi kukibeba ukaenda nacho benki.

Mwezi wa kwanza nilipopata mshahara kamili, mzee mmoja wa zamu yetu alikaa nami kantini kunisomesha hati ya mshahara. Tuchukue mfano wa euro 3,400 kabla ya makato. Pensheni ni asilimia 18.6 ya mshahara, mwajiri analipa nusu na wewe nusu: euro 316.20 zimeondoka. Bima ya afya inafuata, kisha bima ya matunzo ya uzeeni, kisha kodi ya mapato. Halafu mstari mdogo kabisa, bima ya kukosa kazi, asilimia 2.6 nayo kwa nusu kwa nusu, kwako euro 44.20. Kodi aliilalamikia kama binadamu yeyote. Alipofika kwenye ile 44.20 akaweka kidole na kuniambia hiyo ndiyo inayomfanya alale usiku. Huyu mzee ana nyumba yake, gari lake, na anawazidi mbali kipato vijana wauza duka mjini. Kwa hesabu ya "maskini dhidi ya tajiri" alipaswa kuuchukia mfuko ule, maana kwa miaka yote aliyofanya kazi ameutilia bila kuchota.

Jibu lipo kwenye kazi ya watafiti wawili, Torben Iversen na David Soskice, iliyotoka mwaka 2001 katika jarida la American Political Science Review. Wanasema ujuzi ni mali, tena mali ya aina mbili. Upo ujuzi wa jumla: kusoma, kuandika, hesabu, kuongea na wateja, kutumia kompyuta za kawaida. Huo unauzika kwa waajiri wengi. Upo ujuzi mahususi, unaolipa vizuri ndani ya kiwanda kimoja au fani moja, lakini ukitoka nje ya hapo thamani yake inashuka vibaya. Mwenye huu wa pili akipoteza kazi ana hatari mbili: kukaa muda mrefu bila kupata kazi inayofanana, au kukubali kazi nyingine kwa mshahara mdogo sana. Kwa hiyo anaiona kodi na michango kama bima ya mali yake. Watu wawili wenye mshahara uleule wanaweza kutofautiana kabisa kuhusu kodi kwa sababu hiyo tu.

Waliupimaje? Walichukua orodha ya kimataifa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, toleo la 1988, yenye makundi makuu 10 na kazi 390. Kundi la waendesha mitambo na waunganishaji limechanwa katika kazi 70 tofauti. Kundi la wahudumu na wauzaji lina 23 tu. Kama wafanyakazi wa kundi fulani ni sehemu ndogo ya nguvu kazi lakini kazi zao zimechanwa vipande vingi, maana yake kila kipande ni chembamba. Wakagawanya tena kwa kiwango cha ujuzi kwa jumla, kisha wakalinganisha na majibu ya kura za maoni za ISSP za 1996 na 1997, ambamo watu wa nchi mbalimbali waliulizwa kuhusu matumizi ya serikali kwa wasio na kazi, pensheni, afya na ajira. Wenye ujuzi mwembamba walitaka zaidi, hata baada ya kipato kuwekwa kando.

Naendelea kwenye posti inayofuata, maana hapo ndipo pananihusu.

#2 MkerezaVyuma

Ukitaka kuona nadharia hii ikitembea barabarani, tazama Ujerumani ya 2004.

Zamani hapa aliyepoteza kazi alipata kwanza bima ya kukosa kazi, na mwenye umri mkubwa angeweza kulipwa hadi miezi 32. Ikiisha, aliingia kwenye msaada uliohesabiwa kutokana na mshahara wake wa zamani, asilimia 53, au 57 akiwa na mtoto, bila kikomo maalumu cha muda. Angalia alichokuwa akilindwa fundi: kiwango cha maisha yake, na pia nafasi ya kusubiri kazi ya fani yake. Ofisi ya kazi haikumsukuma haraka aende kufagia.

Serikali ya Gerhard Schröder ikaleta mageuzi, na sehemu ya mwisho, iliyoitwa Hartz IV, ikaanza 1 Januari 2005. Muda wa bima kwa wengi ukawa miezi 12, wazee kidogo zaidi. Baada ya hapo kila mtu alipata kiasi kimoja, euro 345 magharibi na 331 mashariki, pamoja na kulipiwa pango la nyumba. Mkereza mwenye miaka 25 kazini na mtu ambaye hajawahi kujifunza fani wakawa mstari mmoja. Na karibu kila kazi halali ikahesabiwa kuwa ya kukubalika. Ukiikataa, fedha inakatwa.

Mimi naamini hicho cha mwisho ndicho kilichowachoma zaidi. Maandamano ya Jumatatu yalianzia Magdeburg kiangazi cha 2004 na kusambaa miji mingi ya mashariki, kule ambako viwanda vilifungwa au kuuzwa baada ya 1990 chini ya Treuhand, shirika la serikali la kuuza viwanda hivyo, na mafundi wa mitambo ya enzi za DDR, yaani Ujerumani Mashariki ya zamani, wakajikuta wanajua vitu ambavyo hakuna anayevinunua. Chama cha Schröder, SPD, kikapasuka. Oskar Lafontaine, aliyewahi kuwa mwenyekiti wake, akaondoka 2005, na 2007 kikazaliwa chama cha Die Linke. Kwa jicho la kipato pekee ni vigumu kuelewa kwa nini mtu aliyekuwa bado yuko kazini, tena analipwa vizuri, aliogopa sheria ya wasio na kazi. Kwa jicho la ujuzi inaeleweka: alikuwa anautazama mwezi wa 13, bima ya miezi 12 ikiisha.

Upande wa pili ni utaratibu wa saa pungufu. Oda zikikauka, kiwanda hakifukuzi. Saa zinapunguzwa na mfuko unalipa asilimia 60 ya mshahara wa mkononi uliopotea, au 67 kwa mwenye mtoto. Mwaka 2009 uchumi wa hapa ulianguka kwa zaidi ya asilimia 5, watu zaidi ya milioni moja wakaingia kwenye utaratibu huo, na ukosefu wa kazi haukupanda sana. Aprili 2020 walikuwa karibu milioni 6. Mwajiri anautetea mpango huu kwa nguvu zilezile za mfanyakazi, kwa sababu naye akimwachia mkereza aende, kumpata mwingine ni miaka.

#3 KodiYangu

Mkuu umeandika vizuri lakini unazunguka. Aliye chini ya wastani atapiga kura agawiwe, aliye juu atakataa. Hata hao Wajerumani wako wakipata utajiri wa kweli watahamishia pesa Uswisi.

#4 MkerezaVyuma

KodiYangu, unachosema kina wenyewe: wachumi Meltzer na Richard, 1981. Mpiga kura wa katikati akiwa na kipato chini ya wastani wa nchi, atataka kodi igawanywe, na pengo likiwa kubwa atataka zaidi. Ni hesabu safi. Tatizo ni kwamba dunia haikuifuata. Tofauti za mishahara Marekani ni kubwa kuliko Sweden au Denmark. Kwa hesabu hiyo Wamarekani ndio wangegawana zaidi. Imekuwa kinyume: nchi zenye mishahara iliyokaribiana ndizo zenye mifuko minene.

Iversen na Soskice wanasema nchi hizo zenye mifuko minene ndizo pia zenye mafunzo mazito ya fani. Mmarekani wa kawaida anasoma elimu ya jumla na anabadilisha kazi mara nyingi. Bima ya kukosa kazi huko, majimbo mengi, haikuzidi wiki 26 nyakati za kawaida. Mfumo mzima umejengwa kwa mtu anayehama.

#5 MwalimuTakwimu

Mleta uzi, hongera. Lakini Marekani usiiachie ujuzi peke yake. Wachumi Alesina na Glaeser walionyesha jinsi suala la rangi lilivyokata mshikamano kule: mtu anapodhani msaada unakwenda kwa "wale wengine", anaukataa hata kama unamfaa mwenyewe. Na mfumo wao wa kura ni wa mshindi kuchukua yote, hawana chama kikubwa cha wafanyakazi kama Ulaya. Halafu nina swali gumu zaidi. Utajuaje kwamba ujuzi ndio unaoleta msimamo? Inawezekana mtu aliyekulia nyumba ya mwanachama wa chama cha wafanyakazi ndiye anayekwenda kusomea ufundi, na msimamo wake alikuwa nao tangu utotoni.

#6 SistaWodi3

Na mimi nina la kwangu. Mimi ni nesi. Daktari bingwa wa upasuaji wa moyo ana ujuzi mwembamba kuliko wote, mpeleke kiwandani hajui hata kushika spana. Mbona hatumuoni akidai kodi ipande?

#7 MkerezaVyuma

SistaWodi3, swali lako limewasumbua wataalamu wenyewe, na ndipo nadharia hii ilipopigwa zaidi. Ujuzi wa daktari bingwa ni mwembamba, lakini hatari yake ya kukosa kazi ni ndogo mno. Leseni inamlinda, hospitali zinamgombea. Mtafiti Philipp Rehm alilisisitiza hilo: kinachosukuma msimamo ni hatari ya kukosa kazi katika fani yako, ipimwe moja kwa moja badala ya kuhesabu vipande vya orodha ya kazi. Na kipato chake ni kikubwa kiasi kwamba hata akipoteza bima ya serikali anayo ya binafsi. Kwa hiyo mwembamba wa ujuzi anaogopa pale tu ambapo mlango unaweza kufungwa. Mkereza wa sehemu za giaboksi za magari ya dizeli anaogopa leo kuliko alivyoogopa 2010, na ujuzi wake ni uleule.

MwalimuTakwimu, hilo la kipi kilianza sina ugomvi nalo. Kura ya maoni ya siku moja haiwezi kulitenganisha kikamilifu. Tena Soskice, Iversen na Margarita Estévez-Abe walisema wazi kwamba mshale unakwenda pande zote mbili: kijana anakubali kuweka miaka 3 na nusu kwenye fani moja kwa sababu anajua ikianguka hataanguka nayo. Ondoa ulinzi, na vijana wenye akili watakimbilia shahada za jumla. Kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito kwa nchi zetu. Tunawahimiza vijana waende vyuo vya ufundi, halafu fundi akipoteza kazi tunamwacha barabarani.

#8 ChiniYaArdhi

Wakuu, mimi ni mwendesha mtambo wa kuchoronga miamba mgodini, Kanda ya Ziwa, Tanzania. Nadharia yenu inanihusu na hainihusu. Ujuzi wangu ni mwembamba kweli, nje ya mgodi mtambo ule haupo. Kwa maelezo yenu nilipaswa kuupenda mfuko. Mbona mwaka 2012, sheria ilipobadilishwa ili kuondoa fao la kujitoa, kelele kubwa zilitoka kwetu migodini? Tulitaka hela zetu mkononi mkataba ukiisha. Leo kuna fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, nawe uwe umechangia angalau miezi 18. Mwenye watoto watatu shule anaishije kwa theluthi? Na mwezi wa saba je? Mkataba ukiisha mimi najenga vyumba vya kupangisha, nanunua bodaboda mbili, nasubiri kampuni nyingine iite.

#9 KodiYangu

Hapo sasa. Mwanaume kasema ukweli. Kila mtu na jasho lake.

#10 MkerezaVyuma

ChiniYaArdhi, nimekuwa nikisubiri mtu wa mgodini aingie. KodiYangu, soma tena alichoandika. Hajasema hataki kinga. Amesema anaitaka sana kiasi cha kuishika mwenyewe. Vyumba vya kupangisha na bodaboda ndiyo bima yake ya kukosa kazi, na fao la kujitoa ndilo lililokuwa linailipia.

Mzee wangu wa kantini akikosa kazi atapata asilimia 60 ya mshahara wa mkononi, 67 kama ana mtoto, kwa mwaka mzima, na akifikisha miaka 58 hadi miezi 24. Muda huo unatosha kutafuta karakana nyingine. Theluthi kwa miezi 6 haitoshi kuvusha mchorongaji kutoka mkataba mmoja hadi mwingine. Na pia kuna suala la ahadi. Huko Tanzania kanuni mpya ya kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya kustaafu, ililetwa 2018, ikasitishwa Desemba ya mwaka huohuo baada ya malalamiko, ikaja nyingine 2022 ya asilimia 33 kulipwa kwa mkupuo, na 2024 ikapandishwa tena. Mtu aliyeyaona hayo akisema "nipeni changu sasa" amepiga hesabu sawasawa. Nadharia ya akina Iversen iliandikwa kwa nchi ambazo ahadi ya mfuko inashika. Pale isiposhika, hofu ileile ya mwenye ujuzi mwembamba inatoka kwa mlango mwingine: anadai fedha taslimu, anapigania kiinua mgongo kwenye mkataba, anaweka akiba ya tofali. Wanasiasa wanamsoma vibaya wakidhani hapendi hifadhi ya jamii.

#11 NyarKisumo

Nisalimie kutoka Kisumu. Mzee wangu alikuwa fundi wa vitambaa pale KICOMI. Kazi yake ilikuwa kuzitengeneza looms, mashine za kufumia, zikikwama, na kiwanda kizima walikuwa wachache wanaoijua hiyo kazi. Miaka ya 1990 kiwanda kikafungwa. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, viwanda vya nguo vilianguka kimoja baada ya kingine. Waliokuwa makarani ofisini walipata kazi kwingine, wengine wakaenda kufunza. Mzee alijaribu Eldoret, huko nako Rivatex ilikuwa inayumba. Akaishia kuuza samaki. Vidole vyake vilijua uzi ukikatika kabla jicho halijaona, na sokoni hiyo haikununua hata kilo ya omena.

Sisi watoto wake tuliambiwa jambo moja: msisomee kitu kimoja. Ndugu zangu wote wanajua vitu vitatu vitatu, hakuna anayekijua kimoja kwa undani. Nikisoma uzi huu naelewa ni kwa nini.

#12 PayslipYaNairobi

Pole kwa mzee, dada. Kwetu huku payslip ndiyo inatuumiza. Kuanzia Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA inakata asilimia 2.75 ya mshahara wote, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, NSSF nayo imepanda. Niko kwa kampuni ya programu za kompyuta, nikiachishwa leo baada ya mwezi nimepata nyingine. Kwa hiyo mimi naona makato matupu. Mfuko wa kunilipa nikikosa kazi, kama huo wa Ujerumani, hakuna. Na zaidi ya watu 8 kati ya 10 wanafanya kazi nje ya sekta rasmi, mzigo unatulalia sisi wenye payslip. Juni 2024 tulipoingia barabarani kupinga muswada wa fedha, kila mtu alikuwa na makato yake kichwani.

#13 MkerezaVyuma

PayslipYaNairobi, wewe ndiye mfano wa upande wa pili na umejieleza kuliko kitabu. Ujuzi wako unahama, kwa hiyo mchango ni gharama. Baba yake NyarKisumo angekuwa na mfuko wa miaka 2 na mafunzo ya kubadili fani, angeutetea kwa meno. Ila yeye alikwishatoka kwenye payslip, sauti yake haipo kwenye mjadala wa makato. Hilo linanisumbua sana: wanaobaki kwenye ajira rasmi kwetu ni wengi wenye vyeti vinavyohama, na waliopoteza ujuzi mwembamba wamemezwa na sekta isiyo rasmi ambako hakuna anayewauliza.

NyarKisumo, familia yenu ilichagua kwa busara kabisa. Ni nchi iliyopoteza. Viwanda vinavyotaka fundi wa kina vinaagiza fundi kutoka nje, kisha tunalalamika.

#14 MamaPachaAarhus

Mmesahau wanawake jamani. Nipo Denmark mwaka wa nane sasa. Mwajiri akimfundisha mtu ujuzi wa mashine moja anataka akae miaka mingi. Msichana anamtazama kama mtu atakayekwenda likizo ya uzazi, na yeye mwenyewe anajua akikaa nje mwaka mzima ujuzi ule unapitwa. Matokeo yake wasichana wengi wanakimbilia kazi za ofisi, mauzo na huduma, zenye ujuzi unaohama. Estévez-Abe mliyemtaja ameandika hasa kuhusu hili. Basi kwa nadharia yenu wanawake wangeukataa mfuko, wakati kura nyingi za maoni za Ulaya zinaonyesha wanawake ndio wanaounga mkono zaidi. Kwa nini? Kwa sababu mfuko ndio unaolipa shule ya chekechea na ndio unaotuajiri. Hapa manesi, walimu na walezi wa watoto ni wa serikali na manispaa.

Na Denmark yenyewe inawapa mtihani. Hapa kufukuza mtu ni rahisi kuliko Ujerumani. Lakini uanachama wa mfuko wa bima, ambao ni wa hiari, unakupa hadi asilimia 90 ya mshahara wa zamani kwa kikomo cha kiasi, hadi miaka 2. Ilikuwa miaka 4 kabla ya mageuzi ya 2010. Juu yake wanakupeleka kozi. Mume wangu alikuwa machinjioni, akafundishwa upya, sasa anaunganisha vipuri vya mitambo ya upepo. Analipa kodi kubwa na hasemi neno.

#15 MwalimuTakwimu

MamaPacha ameleta jambo zito. Kumlinda mtu na kulinda kazi yake ni vitu viwili. Ujerumani inalinda ile kazi kwanza, Denmark inamlinda mtu na kumbadilisha. Mkuu, fundi anayejua atafundishwa upya bure, ujuzi wake bado ni mwembamba kwa maana yenu?

#16 MkerezaVyuma

Unapungua wembamba, ndiyo. Ndiyo maana natamani kwetu tungeanza na kitu cha bei nafuu: kutambua ujuzi. Fundi wa Keko au Gikomba aliyejifunza kwa mjomba ana mikono mizuri, lakini akihama mtaa anaanza upya kwa sababu hakuna karatasi inayosema anajua nini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi Tanzania, wana utaratibu wa kutathmini na kuwapa vyeti waliojifunzia kazini, Kenya nao wana mitihani ya ufundi ya NITA na sera ya kutambua ujuzi wa awali. Cheti kinaongeza idadi ya watu wanaoweza kukununua. Fundi mwenye soko pana ana ujasiri wa kuingia kwa kina zaidi kwenye fani.

Na MamaPacha amenikumbusha kutaja mashine. Watafiti Thewissen na Rueda, 2019, waliangalia Ulaya na kukuta kwamba wenye kazi za kurudiarudia, zile rahisi kuchukuliwa na mashine, wanataka kipato kigawanywe zaidi, na jambo hilo lina nguvu zaidi kwa wale wanaolipwa vizuri, kwa sababu wana kikubwa cha kupoteza. KodiYangu, hao ndio matajiri wako wa kati wanaoomba mfuko.

#17 KodiYangu

Nimekusoma mkuu. Bado sikubali kodi ipande mfuko ukiwa unavuja. Lakini hilo la mtu mwenye kikubwa cha kupoteza ninalikubali, mimi mwenyewe ni fundi wa lifti na lifti za kampuni nyingine sizigusi, kila kampuni ina mfumo wake. Nilikuwa sijawahi kujitazama hivyo.

#18 DogoWaVoi

Wakuu samahani, naingia na swali la pembeni. Nina miaka 22, nimemaliza diploma. Tangu Kenya na Ujerumani watie saini makubaliano ya wafanyakazi Berlin, Septemba 2024, hapa kila mtu anasoma Kijerumani. Nina nafasi mbili za mafunzo: uuguzi miaka 3, au ufundi wa mashine kwenye kampuni ndogo ya vipuri vya magari miaka 3 na nusu. Ya pili inalipa vizuri zaidi wakati wa mafunzo. Ninyi mngechagua ipi?

#19 MkerezaVyuma

DogoWaVoi, hujatoka nje ya mada hata kidogo.

Uuguzi wa hapa ulibadilishwa na sheria iliyoanza Januari 2020. Zamani walikuwa wanasomea uuguzi wa hospitali, wa watoto na wa wazee kila mmoja peke yake. Sasa mafunzo ni ya pamoja, cheti kimoja kinafungua hospitali na nyumba za wazee, na kinatambulika nchi za Umoja wa Ulaya. Hata ukirudi Voi, wagonjwa wapo. Ni kazi nzito ya mwili na zamu za usiku, usidanganywe na mtu, na SistaWodi3 atakueleza kuliko mimi.

Ya mashine naipenda, ndiyo iliyonilisha. Lakini vipuri vya magari gani? Kama ni vya injini za dizeli na giaboksi, jua kwamba Desemba 2024 Volkswagen na chama cha wafanyakazi cha IG Metall walikubaliana kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 hadi 2030, na wauza vipuri wanafuata nyuma yao. Ukiona mafunzo yenyewe ni ya fani iliyosajiliwa yenye mtihani wa chama cha viwanda, hapo sawa, cheti kitakubalika karakana nyingine. Ukiona ni mkataba wa "tutakufundisha mashine zetu" bila mtihani huo, kimbia.

Kabla ya kusaini, waandikie barua pepe uwaulize jina kamili la fani kama lilivyo kwenye orodha ya serikali, nani anasimamia mtihani wa mwisho, na kiwanda kinatengeneza nini hasa. Pia angalia tangu mwezi wa kwanza kama mstari wa bima ya kukosa kazi upo kwenye hati ya mshahara. Mwanafunzi wa mafunzo haya anakatwa pia, na miezi 12 ya michango ndani ya miezi 30 ndiyo inayokupa haki ya kulipwa ukimaliza bila kupewa kazi. Wageni wengi hawaijui na wanaondoka bila kuidai.

Ukipata majibu yao yalete hapa tuyasome pamoja.

#20 SistaWodi3

Dogo, njoo inboksi nikueleze zamu za usiku na mtihani wa lugha wa B2. Usisaini chochote wiki hii.